Daftari la Anga Juu ya Mapaa ya Kiamaiko

Mgeni afikapo Kiamaiko kwa mara ya kwanza hupokewa na mbuzi. Malori yaliyosafiri usiku kucha kutoka Isiolo, Marsabit na Moyale hushusha mizigo yake hai, madalali humpapasa mbuzi kiuno na kutaja bei kwa Kiborana, Kisomali, Kikuyu na Kiswahili, na jua halijapanda sana nyama imekwisha kuenea katika mabucha ya Eastleigh, Huruma na mbali zaidi. Katika pirikapirika hiyo ni nadra mtu kuinua uso. Auinuaye ataona kuwa mtaa huu umezungukwa na viwanja vitatu vya ndege. Ng'ambo ya Barabara ya Juja iko kambi ya ndege za jeshi ya Eastleigh. Kusini mashariki uko Embakasi, na kusini magharibi uko Wilson.

Eastleigh ndio uliokuwa mlango wa Nairobi zamani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilipakia abiria wake hapo, mpaka mwaka 1958 ulipofunguliwa uwanja wa Embakasi, uliojengwa kwa jasho la mahabusu wa siku za Mau Mau. Embakasi nao ukapewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978. Basi wakazi wa upande huu wa jiji wamezaliwa, wamekua na wamezeeka chini ya mlio wa ndege, na mtu hukatiza maneno yake, akangoja ndege ipite, kisha akaendelea palepale alipoachia.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba ndege hizo, mbali na kupiga kelele, zinasema.

Ndege kubwa ya kisasa haikai kimya hata sekunde moja. Hupokea ishara za setilaiti, ikajua iko wapi juu ya uso wa dunia, kisha mtambo wake uitwao transponda hutangaza habari hiyo kwa mawimbi ya redio ya megahezi 1090: mimi ni fulani, niko hapa, kimo changu ni hiki, mwendo wangu ni huu, naelekea huku. Habari ya mahali hutolewa mara mbili hivi kila sekunde. Tangazo hili halina kufuli. Waongozaji wa ndege hulisikia, marubani wenzake wenye mitambo ya kulipokea hulisikia, na vilevile aweza kulisikia kijana aliye juu ya ghorofa ya tano mwenye kompyuta ndogo, kipokezi cha ukubwa wa kidole gumba kilichobuniwa kwa ajili ya kutazamia televisheni, na kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole cha mkono. Hapana uchawi hapo. Ni kama adhana: anayeadhini hamchagui wa kumsikia.

Kusikia ni kazi nyepesi, na kazi nzito ni kuandika. Wataalamu wa lugha wametupatia neno hifadhidata, na wenzetu wa Tanzania wana kanzidata, kwa maana ya daftari linalokaa ndani ya kompyuta, lililopangwa kwa majedwali ili kila kitu kiweze kutafutwa na kuonekana upesi. Mimi sina ugomvi na maneno hayo, lakini katika makala haya nitang'ang'ania daftari. Neno hili lilitufikia Pwani kwa njia ya Kiarabu, na Waarabu na Waajemi nao walikuwa wamelipokea kutoka kwa Wayunani, ambao kwao asili yake ilikuwa ngozi ya mnyama iliyotengenezwa kuandikiwa. Naona lina haki ya kutumika katika mtaa ambao ngozi za mbuzi hurundikwa kila asubuhi.

Wahenga wetu wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na si mali tu ipoteayo.

Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita za usiku, ndege ya Kenya Airways, safari nambari 507, iliruka kutoka Douala nchini Cameroon kuja Nairobi. Ilikuwa aina ya Boeing 737-800, na ndani yake mlikuwa na watu 114. Haikufika. Asubuhi jamaa walingoja Nairobi, na utafutaji ukapelekwa kwenye misitu ya upande wa Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka Douala. Helikopta zikazunguka, wanavijiji wakaulizwa, siku ikapita na usiku wake. Ilipoonekana hatimaye, zaidi ya saa 40 zilikuwa zimepita, na kumbe ilikuwa katika kinamasi cha mikoko, umbali usiofika kilomita sita kutoka mwisho wa njia ileile iliyorukia. Hakunusurika hata mmoja.

Sisemi kwamba daftari lingaliwaokoa. Ndege ile ilidumu hewani kwa muda wa dakika mbili hivi tu. Lakini mtu yeyote wa Douala ambaye angalikuwa na mistari michache ya mwisho, yenye saa, mahali na kimo, angaliwaambia watafutaji kwamba ndege hii haikuufikia msitu wowote wa mbali. Itafuteni hapa nyuma ya uwanja. Kwa waliofiwa, siku mbili za kutojua si jambo dogo. Watu wa Pwani waliongojea majahazi yasiyorudi wanaujua msiba usio na maiti.

Kwa hiyo tutazame daftari lenyewe linavyoandikwa.

Anayetaka kufuatilia anga ya Nairobi huanza na jedwali la sasa. Hili ni ubao wa matangazo: kila ndege ina mstari mmoja tu, na kila tangazo jipya linafuta la zamani. Ndilo linalochora vile vindege vidogo vinavyotambaa juu ya ramani, ambavyo vijana huvitazama kwenye simu. Linapendeza macho, lakini halina kumbukumbu; ndege ikishatua, mstari wake hufutika. Jedwali la pili ndilo lenye thamani, nalo ni la historia. Humo hakuna kinachofutwa. Kila habari huongezwa chini ya iliyotangulia.

Na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Ndege moja ikitangaza mahali pake mara mbili kila sekunde, kwa saa moja itakuwa imeleta mistari 7,200. Zikiwa ndege 30 zinazosikika kwa pamoja, ni mistari 216,000 kwa saa, na zaidi ya milioni tano kwa siku. Kompyuta ya kijana wa Kiamaiko itajaa. Basi mwandishi hana budi kuchagua: ndege inayokwenda moja kwa moja juu ya Mto Tana kwa kimo kilekile inatosha kuandikwa kila baada ya sekunde 10 au 20, lakini inayopinda, inayopanda au inayoshuka iandikwe kila neno. Kila mwandishi wa tarehe, tangu wale wa zamani wa Kilwa, amelazimika kuchagua, na ubaya hauko katika kuchagua bali katika kuficha kwamba umechagua.

Halafu liko jambo la jina. Nambari ya safari si jina la ndege. Safari yenye nambari fulani kwenda Mombasa huweza kufanywa leo na ndege hii na kesho na ile, kama vile basi la saa mbili linavyoweza kuwa gari lolote la kampuni. Jina la kweli la chombo ni anwani ya tarakimu sita ambayo transponda yake huitaja katika kila tangazo. Nchi zote zimegawiwa mafungu ya anwani hizo, na za Kenya huanza na 04C. Mbali na anwani hiyo, ndege ya Kenya huandikwa ubavuni herufi zinazoanza na 5Y, ya Tanzania 5H na ya Uganda 5X. Lakini hata jina hili hubadilika chombo kikiuzwa na kusajiliwa katika nchi nyingine, kama jahazi lililonunuliwa na tajiri mpya akalipa jina la mama yake. Daftari zuri huwa na jedwali la tatu, la vyombo vyenyewe, likionyesha jina gani lilishikwa tangu lini hadi lini. Asiyelifanya hivyo siku moja ataiona ndege moja kuwa mbili, au mbili kuwa moja.

Saa nayo ina mitego. Mambo ya anga duniani kote huandikwa kwa saa moja ya ulimwengu, iliyo nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa tatu. Daftari likisema 17:00, saa ya ukutani hapa ni 20:00, na mama auzaye chapati kando ya barabara atakuambia ni saa mbili usiku. Wote watatu wamesema kweli. Ubaya hutokea tarehe inapopinduka. Ile ndege ya Douala iliruka tarehe 5 kwa saa za Cameroon, na Nairobi ilikuwa tayari saa nane za usiku wa tarehe hiyohiyo, lakini kwa saa ya ulimwengu ilikuwa bado tarehe 4. Atafutaye katika jedwali kwa tarehe 5 hataiona. Sisi tuliolelewa kwamba usiku hutangulia mchana wake, na kwamba magharibi ya Alhamisi ni kuingia kwa usiku wa Ijumaa, hatushangazwi na habari ya siku kuanza mahali tofauti. Tunachotaka ni kuambiwa mapema inaanzia wapi.

Kimo kinadanganya zaidi, hasa watu wa Pwani. Namba ya futi itangazwayo na ndege haihesabiwi kutoka kwenye paa la nyumba yako. Huhesabiwa kwa kipimo cha kanuni ambacho takriban ni usawa wa bahari. Mombasa jambo hilo halina neno kubwa. Nairobi ardhi yenyewe iko juu ya bahari kwa futi 5,300 hivi. Ndege inayoonekana katika daftari kuwa na futi 7,000 iko futi 1,700 tu juu ya kamba za nguo za Kiamaiko. Mtu akitaka kuliuliza daftari ni ndege ngapi zimepita chini mno juu ya mtaa kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, wakati watoto wamelala, ni lazima kwanza aitoe ardhi. Na swali hilo si la mzaha. Malalamiko ya kelele yanayopelekwa kwa maneno matupu hujibiwa kwa maneno matupu. Malalamiko yenye saa, kimo na anwani ya chombo hayajibiki vivyo hivyo.

Ngoja sasa nitaje yaliyo mazito zaidi ya kelele. Julai 2014 ndege ya mizigo aina ya Fokker 50, iliyokuwa ikipeleka miraa Mogadishu, iliangukia jengo huko Utawala, na wanne waliokuwemo wakafa. Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale ilipotea katika milima ya Nyandarua na watu kumi. Ilipatikana siku ya tatu. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria ya Safarilink, iliyokuwa ikienda Diani na watu 44, iligongana na ndege ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Ya abiria ilirudi Wilson salama. Mwalimu na mwanafunzi wake katika ile ndogo walikufa. Na Agosti 2025 ndege ya madaktari wa AMREF iliyotoka Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, karibu na Githurai, ikaua wanne waliokuwa ndani na wawili waliokuwa chini, nyumbani kwao. Mwihoko si mbali na Kiamaiko. Anayesema mambo ya anga ni ya wenye tiketi na awaulize majirani wa hao wawili.

Je, daftari hili analishika nani? Kampuni ya Flightradar24 ilianzishwa na Waswidi wawili mwaka 2006. Mtandao wa OpenSky, unaowasaidia watafiti wa vyuo vikuu, ulianza mwaka 2012 kwa juhudi za wataalamu wa Uswisi na Ujerumani. Yote miwili hutegemea watu wa kawaida waliotundika antena zao juu ya mapaa yao na kutuma wanachokisikia kwa intaneti. Mwingine, ADS-B Exchange, ulijengwa vivyo hivyo na wapenzi wa ndege waliojitolea bila malipo, kisha Januari 2023 ukauzwa kwa kampuni ya JETNET ya Marekani. Wengi wa waliojitolea walihamaki na kuondoa vipokezi vyao. Sioni ajabu. Mtu aliyechota maji kwa ndoo yake akajaza mtungi wa wote, hawezi kufurahi siku atakapokuta mtungi una bei.

Kwetu, tatizo ni masikio machache. Ulaya na Marekani vipokezi vimejaa hata kila tangazo husikika na kumi kwa pamoja. Afrika yapo maeneo makubwa yasiyo na hata kimoja. Ndege iliyo kwenye futi 35,000 inaweza kusikika hadi kilomita 400 hivi, kwa hiyo paa moja la Nairobi linatosha kusikia karibu njia yote ya kwenda Mombasa. Ikishuka chini, mviringo wa dunia na milima huikata sauti. Kipokezi cha Nairobi hakisikii ndege inayotua Moi, Mombasa, wala iliyo bondeni nyuma ya Nyandarua. Maana yake ni kwamba daftari huwa bubu palepale ambapo ndege hupata ajali nyingi, chini na karibu na ardhi. Tangu 2019 zipo setilaiti 66 zinazosikiliza matangazo haya kutoka juu, kwa huduma ya kampuni ya Aireon, lakini huduma hiyo ni ya kulipiwa.

Na ndege ikinyamaza yenyewe? Malaysia Airlines nambari 370 ilipotea tarehe 8 Machi 2014 na watu 239, transponda yake ikiwa imekoma kusema. Hakuna daftari lililojua ilikokwenda. Mwaka 2016 kipande cha bawa lake kilipatikana kimetupwa na maji huko Pemba, na wachunguzi wa Australia wakathibitisha kuwa ni chake. Mawimbi yaliyowaleta manahodha wetu kwa miaka elfu ndiyo yaliyoleta habari ambayo mitambo ilishindwa kuileta. Baada ya msiba huo mataifa yalikubaliana kwamba tangu Novemba 2018 ndege kubwa za abiria ziwe zinafuatiliwa na mashirika yao walau kila dakika 15 juu ya bahari. Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa huvuka kilomita 225 katika dakika hizo.

Liko pia suala la uongo. Ndege hutangaza mahali inapoamini kuwa ipo. Tangu vita vya Gaza vya mwaka 2023, ndege nyingi zilizopita Mashariki ya Kati zilipotoshwa na ishara bandia za setilaiti, zikajitangaza ziko Beirut hali ziko kwingineko kabisa, na madaftari ya ulimwengu mzima yakaandika hivyohivyo. Hapa nawakumbuka walimu wa chuoni. Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na maneno kuwa mazuri. Waliuliza, nani ameyapokea kwa nani, na je, walikutana? Daftari la anga linahitaji sanad ya namna hiyo. Kila mstari uonyeshe ni kipokezi gani kilichousikia. Vipokezi vinne vilivyo mahali mbalimbali vikilisikia tangazo moja, tofauti ndogo ya wakati wa kulisikia inatosha kukokotoa ndege ilikuwa wapi hasa, hata kama yenyewe imesema vingine. Vinne, si kimoja. Kiamaiko peke yake haitoshi. Inahitaji paa jingine Kayole, jingine Kangemi, jingine Ongata Rongai.

Kwa vijana watakaotaka kujaribu, nina maneno machache yasiyo ya kishairi. Mtaa huu unapakana na kambi ya jeshi. Ndege za jeshi hunyamaza zinapotaka, na daftari la raia lisijaribu kuzifukua. Kabla ya kutundika antena, mwenye nyumba aulizwe, na wakuu wanaohusika na redio waulizwe, kwa barua, na nakala ya barua itunzwe. Habari hizi wala zisitumiwe kuongozea ndege yoyote. Waongozaji wa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya wana mitambo yao na dhamana yao. Daftari la mtaani ni la ukumbusho, la elimu na la kuulizia maswali kesho yake.

Tena liwe na safu moja ambayo nimeona wengi wakiisahau. Stima hupotea Kiamaiko. Mvua ya Aprili huingia kwenye waya. Mtoto hung'oa plagi ili achaji simu. Kuanzia saa hiyo mpaka kompyuta iwake tena daftari halina kitu, na atakayelisoma baada ya miaka kumi ataona pengo la saa tatu na kudhani anga ilikuwa tupu. Pengo hilo liandikwe, kwa tarehe na saa, likiwa na maneno mawili tu: hatukusikia.